Tulikwenda Kapolowe Kutafuta Ndege wa Kinyago Cheusi

Kwa wiki tatu sasa mnatuuliza sokoni, kanisani na kwenye bomba la maji: "Ile aparei iko wapi?" Wengine mmesikia kwamba imeanguka ziwani, wengine kwamba imeibiwa njiani. Leo tunawaeleza safari yote, mazuri na mabaya, maana nusu ya makuta ya kuinunua yalitoka katika kasha la chama. Ni haki yenu kujua.

Tulivyoanza

Kwanza tuwakumbushe. Aparei tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa dola 180. Chama kilitoa 90, na sisi wamama saba tukachanga 90 nyingine kwa likelemba yetu. Tulikubaliana kwamba Jumamosi mchana na Jumapili itapiga picha za harusi, ubatizo na kolasyo, na faida itarudi katika kasha. Asubuhi za Jumamosi zitakuwa zetu na watoto, kwa ajili ya ndege.

Kwa nini ndege? Mtoto mmoja wa Katuba alipewa kazi shuleni, achore ndege watano wa kwetu. Akamchora kuku, bata, kunguru, kisha kuku tena. Alipofika kwa wa tano akaja kumwuliza mama yake, na mama yake naye akakosa la kujibu. Alipotusimulia tulicheka sana, halafu tukanyamaza, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yetu aliyeweza kumsaidia. Tulikulia vijijini, tulikuwa tunawajua ndege kwa sauti zao, na mji umetusahaulisha.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya aibu. Tulirudi na picha za matawi matupu. Tulikuwa na picha nyingi za mikia. Siku moja mama mmoja alifurahi kwamba amempata mwewe angani, tukakuza picha, kumbe ni mfuko mweusi wa plastiki uliochukuliwa na upepo. Polepole tukajifunza. Ndege hamfuatwi moja kwa moja kama mtu anayemdai. Unazunguka, unakaa chini, unamwacha akuzoee. Jua liwe mgongoni mwako. Kitenge chenye rangi kali kibaki nyumbani. Na ufike mapema, kwa maana saa nne ikishapita ndege wengi wanatafuta kivuli na kunyamaza, nawe unabaki na jasho lako.

Lakini tulipata furaha pia. Pembeni mwa kidimbwi nje ya mji tulimpata mdiria mdogo, mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu. Alikaa juu ya tete moja, akajitupa majini, akarudi na kisamaki mdomoni. Watoto walipiga kelele hadi akaruka, na hatukupata picha. Katika miezi ya mvua tuliwapiga mbayuwayu wamejipanga juu ya waya za umeme. Tuliwaeleza watoto kwamba ndege hawa wanakuja kwetu wakati baridi inapoingia Ulaya, na mvua zinapokaribia kwisha wanarudi kule kuzaa. Mtoto mmoja akauliza nani anawapa viza.

Na vijana wenye manati? Hao tulidhani watakuwa adui zetu. Mara ya kwanza tuliwafukuza, nao wakatufukuzia ndege wote. Mara ya pili tuliwaita watazame picha katika kioo cha aparei. Sasa wawili kati yao ndio wanaotuonyesha njia, maana anayewinda ndege anajua ndege anakokaa. Wa tatu bado anaua na kuchoma. Hatukumkemea. Tulifika kwao, tukaona chungu kilicho jikoni.

Ndege asiye na ziwa lingine

Mwezi wa pili mwalimu mmoja alitueleza habari ambayo hatukuisikia kamwe, sisi tuliozaliwa Katanga. Kuna ndege wa jamii ya mnana, wale wanaosuka viota kwa majani, ambaye anajulikana mahali pamoja tu duniani: kwenye ziwa Tshangalele, lile lililotokana na mto Lufira kuzibwa pale Mwadingusha kwa ajili ya umeme. Mtaalamu Mbelgiji aitwaye Jean-Claude Ruwet alimpata ndege huyo ziwani mwaka 1960. Ilichukua miaka mingi wataalamu kukubali kwamba ni ndege wa peke yake, na mwaka 1982 akapewa jina la Ruwet. Kisha hakuna aliyeleta habari zake tena, mpaka mwaka 2009 ilipoandikwa kwamba ameonekana upya, palepale ziwani.

Dume ana mwili wa manjano na kinyago cheusi usoni, na pembeni mwa kinyago kuna wekundu wa kahawia kama udongo wetu. Jike ni wa rangi hafifu, si rahisi kumtambua. Tena mwalimu alituonya: Katanga ina mnana mwingine mwenye kinyago anayefanana naye. "Msije mkanirudishia yule wa hapa nyumbani," alisema.

Ndugu zetu, mnajua tulivyo. Usiku uleule tulianza kuhesabu nauli.

Safari ya kwenda

Tulipanga kuondoka Lubumbashi saa kumi na moja asubuhi. Tuliondoka saa moja na nusu, kwa sababu bisi haikujaa. Tulikuwa wamama watano na watoto wawili wakubwa, na vitumbua, karanga, munkoyo katika kidumu, na aparei katika mfuko wa kitambaa. Ukumbukeni mfuko huo.

Njia ya Likasi mnaijua. Kamyo za madini zinakuja moja baada ya nyingine kutoka Kolwezi, zinashuka kuelekea mpakani, na bisi ndogo inajipenyeza kati yao mtu akisali. Mara mbili tulisimama muda mrefu. Pembeni mwa njia vichuguu vinasimama virefu kuliko nyumba, na magunia ya makala yamepangwa hadi juu ya mtu. Mama mkubwa wetu alisema kwamba alipopita hapo akiwa bibi-arusi, msitu ulifika hadi barabarani. Sasa ni lazima utazame mbali ndipo uone mti wa maana. Tulipiga picha moja ya kichuguu chenye kunguru juu yake, shingo nyeupe, amesimama kama mlinzi wa benki. Picha hiyo ilitoka vizuri.

Tulishuka kabla ya Likasi, tukachukua pikipiki hadi Kapolowe, kwenye ukingo wa ziwa. Ilikuwa saa tano. Jua kali, maji yanang'aa, ndege wamenyamaza. Sheria yetu wenyewe tumeivunja.

Halafu akaja mtu mmoja mwenye kofia, akauliza ile aparei ina ruhusa gani. Tulimwambia tumekuja kupiga picha za ndege. Hakuamini. Katika nchi yetu mtu anayepiga picha anadhaniwa kuwa anatafuta mgodi au anatafuta siri. Alisema turudi tulikotoka ama "tuongee vizuri". Mama prezida wetu hakukasirika. Alimwita "mwanangu", akamwomba atupeleke kwa mkubwa wa kijiji tukajitambulishe, jambo ambalo kweli tulipaswa kulifanya kwanza. Mzee alitupokea, akasoma barua ya chama chetu yenye muhuri, akacheka: "Ndege? Hapa wako bure." Yule mwenye kofia tulimpa vitumbua vinne. Fundisho kwa wote: muhuri wa chama usibaki katika kabati.

Mama wa samaki

Ukingoni tulimkuta mama anayenunua samaki kwa wavuvi, anawapasua na kuwakausha kwa moshi ili kuwapeleka mjini. Tukamsalimia, tukakaa, tukamsaidia kufukuza nzi. Akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomweleza kuhusu kinyago cheusi, hakushangaa hata kidogo.

"Wale wanaosuka vibuyu juu ya maji? Watoto wangu wanacheza nao. Mnakuja kutoka Lubumbashi kwa ajili ya wale?"

Tulimwambia kwamba, kwa tunavyoelezwa, ndege yule hana kwao kwingine. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi." Kisha akamwita mtoto wa dada yake mwenye bwato.

Tuliingia watatu tu, kwa sababu bwato lilikuwa jembamba na mama mkubwa alikataa kabisa. Kijana alisukuma kwa mti mrefu, maana ziwa lile kina chake si kirefu pembeni. Tulipita kati ya matete na vichaka vinavyoota majini. Kulikuwa na ndege weupe wenye miguu mirefu, na wale wadogo wenye vidole virefu wanaotembea juu ya majani ya yungiyungi kama watoto wanaokwepa matope. Tuliwapiga wote. Moyo ulianza kuchangamka.

Halafu tukaviona. Viota kumi hivi, vinaning'inia juu ya maji, milango inatazama chini. Vingine vilikuwa vibichi, vingine vimekauka. Kijana alitaka kusogeza bwato hadi tuvishike. Tulimwomba asimame mbali. Hii ni sheria nyingine tuliyojifunza: ukiinamisha tawi ili picha iwe nzuri, ukiondoa jani ili uone makinda, jua na mwewe wataingia baada yako. Picha nzuri isiwe sababu ya kifo cha makinda.

Tulikaa. Mgongo ukauma, mbu wakala. Aliyeshika aparei hakuthubutu kujikuna. Baada ya muda mrefu, mmoja alikuja, wa manjano, na ukanda wa jani mdomoni mrefu kuliko yeye. Akajining'iniza kichwa chini miguu juu, akapitisha jani, akalivuta, akalipitisha tena, kama msichana anayesuka nywele za dada yake. Kinyago cheusi. Na pembeni, ule wekundu wa kahawia? Mmoja wetu aliuona. Wa pili aliona manjano tu. Wa tatu alikuwa na jicho katika aparei, anabonyeza, anabonyeza.

Picha kumi na nne. Tulizitazama pale pale. Tisa zilikuwa na ukungu. Tatu zilikuwa za mkia, kama zile za zamani. Moja ilikuwa ya kiota kilicho safi kabisa, unaweza kuhesabu nyuzi zake, lakini mwenye nyumba hayumo. Na moja, moja tu, ilikuwa ya ndege mzima, kichwa amekigeuza, jicho linaonekana.

Tulishikana mikono bwatoni hadi kijana akatuonya tutazama sote.

Mvua

Hatukutazama mawingu, na hilo ni kosa letu. Mnaijua mvua ya mwezi wa pili, haibishi hodi. Upepo ulikuja kwanza, matete yakalala, kisha matone makubwa. Kijana alisukuma kwa nguvu zote. Bwato liliyumba, maji yakaingia ndani. Tulikuwa tunatoa maji kwa kikombe cha munkoyo, kila mtu akitafuta uzima wake, na mfuko wa kitambaa ulikuwa chini, miguuni petu, ndani ya maji.

Tulipofika ukingoni tulifungua mfuko. Maji yalitoka ndani ya kioo cha aparei kama yanayotoka katika kiatu.

Mama wa samaki alituingiza katika kibanda chake cha moshi. Alitupa kitenge kikavu kila mmoja, akaiweka aparei kwenye wavu wa kukaushia, kando ya samaki, mbali kidogo na moto. Hakuna aliyecheka siku ile, ila leo tunacheka: aparei ya chama ilikaushwa pamoja na kambale. Kadi ya picha tuliitoa, tukaifuta, tukaifunga katika leso, mama prezida akaiweka kifuani.

Wakati mvua inapiga mabati, mama yule alituambia mambo ambayo hatukuja kuyatafuta. Zamani, alisema, tilapia mmoja alijaza sahani. Sasa anauza wale wa ukubwa wa kiganja, na baadhi ya wavuvi wanatumia nyavu zenye matundu madogo sana, hata watoto wa samaki hawaponi. Wanawake wanaonunua Lubumbashi wanamwuliza kama samaki wake ni wazuri, kwa sababu wamesikia habari ya maji ya migodi yanayoshuka kutoka upande wa Likasi hadi Lufira. "Nami nawajibu nini?" aliuliza. "Ninawapa watoto wangu samaki haohao."

Hatukuwa na jibu. Tunajua hili moja: wataalamu wa chuo kikuu chetu cha Lubumbashi wamekwisha kupima samaki na majani ya bonde lile la Lufira, na wakakuta ndani yake shaba, kobalti na madini mengine. Hatuandiki hivi ili mama yeyote aache kununua kwa wenzake wa Kapolowe na kukimbilia tomsoni wa barafu. Mama yule anasomesha watoto wanne kwa samaki. Tunaandika kwa sababu tulikwenda kumtazama ndege anayeishi kwa maji yale, tukamkuta mwanamke anayeishi kwa maji yaleyale, na kati ya hao wawili ni mmoja tu aliyeandikwa katika vitabu. Jioni alitupikia bukari na samaki. Tulikula wote, hatukubakiza.

Kurudi, na hesabu

Pikipiki hazikutaka kupita kwenye matope, tukatembea hadi barabara kubwa tumebeba viatu mkononi. Bisi ilitupokea usiku. Saa nne na nusu tulifika Lubumbashi, mume wa mmoja wetu amesimama barabarani na tochi, hana hamu ya kusikia habari ya ndege. Mambo hayo aliyamaliza mwenyewe nyumbani. Hapa si mahali pake.

Fundi aliifungua aparei siku ya Jumatatu. Mwili wake unaweza kufufuka, alisema, ila kioo cha mbele kimeingia matope, na kukibadilisha ni dola 70. Aparei ililala dukani kwake wiki mbili bila sisi kupata makuta hayo. Harusi mbili tulizokuwa tumeahidi zilikwenda kwa mpiga picha mwingine. Tunaomba radhi kwa wamama hao wawili na kwa chama. Mfuko wa kitambaa tulikuwa tumeambiwa tuubadilishe tangu mwezi wa kumi na mbili. Mfuko wa plastiki mgumu usioingiza maji ungetugharimu kidogo sana.

Kadi haikufa. Picha zote ziko salama.

Tulimpelekea mwalimu ile picha moja. Aliitazama mbali, akaitazama karibu, akavaa miwani. Alisema kwamba mahali ni penyewe, kiota ni chenyewe, na pembeni mwa kinyago anaona rangi ya kahawia, lakini kivuli cha tawi kimeanguka hapohapo, na mtu mkali anaweza kubisha. Basi hatuwezi kuapa mbele yenu. Tunaamini ni yeye. Mtoto wa Katuba hana wasiwasi wowote: amekwisha kumchora, mkubwa, wa manjano, na kinyago cheusi, akamwandika namba tano.

Tulichoamua, na tunachowaomba

Sisi saba tutalipa dola 70 za fundi sisi wenyewe, bila kugusa kasha. Tunauza vitumbua kila Jumatano mbele ya ofisi ya chama, tayari tumefikisha 22. Tumetoa pia picha sita kwenye karatasi nzuri, akiwemo mdiria mmoja tuliyempata siku nyingine, kunguru wa kichuguu na kile kiota. Mnaweza kuziona kwa katibu. Bei ni faranga mtakazopenda, zisiwe chini ya gharama ya karatasi.

Kama mkutano utaamua kwamba aparei ikitengenezwa isitoke tena nje ya mji, tutatii. Tunaomba tu kwamba kabla ya kupiga kura, kila mama aitazame picha ya kiota.

Nakala mbili tumezitenga. Moja ni ya kijana mwenye bwato. Nyingine si ya ndege. Kabla ya kupanda bwato tulimpiga mama wa samaki akiwa amekaa mbele ya moshi wake, kisu mkononi, anacheka kwa sababu ya swali letu la ndege. Hakujua kama imetoka. Imetoka vizuri kuliko zote. Dereva mmoja wa njia ya Likasi ameahidi kuifikisha, pamoja na vitenge vyake vitano ambavyo tumevifua na kuvipiga pasi.

Jumamosi ijayo tutatoka kwa miguu, karibu tu, na simu mbili zenye kioo kizuri. Tunakutana saa kumi na moja na nusu mbele ya ofisi, na safari hii hatungoji bisi ijae. Anayekuja aje na maji yake ya kunywa, na mtoto mmoja anayeweza kunyamaza.